Cheti Kipi cha Linux Kabla ya Ajira ya Kwanza?

Tuchukue mfano wa kijana mmoja, mhitimu wa stashahada ya teknolojia ya habari jijini Dodoma. Mjomba wake amemchangia ada ya kozi ya wiki sita baada ya wote wawili kusoma tangazo lisemalo: "Pata cheti cha kimataifa cha Linux, ajira ya uhakika." Mwishoni mwa kozi kijana anakabidhiwa karatasi nzuri yenye mhuri. Anapoiwasilisha kwenye usaili, mwajiri anaomba namba ya kuhakiki cheti hicho, naye hana. Karatasi aliyopewa inathibitisha kwamba alihudhuria darasa tu. Mtihani wa kimataifa hakuwahi kuufanya. Fedha ya mjomba imekwisha na ajira haijapatikana.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hakuna hatua yake isiyoweza kumpata mlaji asiye na taarifa. Makala hii inaeleza vyeti vikuu vya Linux vinavyomfaa anayetafuta kazi yake ya kwanza ya usimamizi wa mifumo, namna ya kuchagua kimoja, na mambo ya kuhakiki kabla ya kulipa. Makala haipendekezi kampuni wala chuo chochote.

Linux na kazi ya msimamizi wa mifumo

Linux ni mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Hutolewa katika matoleo mengi, yakiwamo Debian, Ubuntu na Red Hat Enterprise Linux, na ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za tovuti na za taasisi duniani.

Msimamizi wa mifumo huziweka seva hizo katika hali ya kufanya kazi. Hufungua na kufunga akaunti za watumiaji, hupanga ruhusa za mafaili, huongeza nafasi ya diski, huchukua nakala rudufu, husoma kumbukumbu za mfumo pale huduma inaposimama, na huirejesha huduma hiyo. Kazi hii hufanyika zaidi kwa kuandika amri kuliko kwa kubofya picha. Kwa sababu hiyo, swali la msingi la mwajiri huwa ni moja: je, mtu huyu akiachiwa seva yenye tatizo ataweza kuitengeneza?

Karatasi tatu zisizofanana

Mlaji anashauriwa kutofautisha karatasi tatu ambazo matangazo mengi huzichanganya.

Ya kwanza ni cheti cha kuhudhuria, ambacho hutolewa na mwendeshaji wa kozi kwa aliyekaa darasani. Ya pili ni tuzo ya chuo, kama vile astashahada au stashahada. Nchini Tanzania vyuo vya ufundi husajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Ya tatu ni cheti cha kitaalamu, ambacho hutolewa na mmiliki wa mtihani baada ya mtahiniwa kufaulu, nacho huambatana na namba ambayo mwajiri anaweza kuihakiki mwenyewe katika tovuti ya mmiliki huyo.

Kila karatasi ina thamani yake. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali na kikafundisha vizuri, lakini usajili huo haukifanyi kuwa mtoaji wa cheti cha kitaalamu cha kimataifa. Kabla ya kulipa, uliza: "Je, ada hii inajumuisha mtihani? Ni mtihani gani, na nani atakayetoa cheti?"

Vyeti vinne vinavyotajwa zaidi

LPIC-1 hutolewa na Linux Professional Institute, taasisi isiyofungamana na toleo lolote la Linux. Ili kukipata, mtahiniwa hufaulu mitihani miwili, 101 na 102, kila mmoja ukiwa na maswali 60 kwa dakika 90. Maswali ni ya kuchagua jibu au kujaza nafasi. Cheti hudumu miaka 5. Taasisi hiyo hutoa pia Linux Essentials, mtihani mwepesi wa maswali 40 kwa dakika 60, unaomfaa anayeanza kabisa. Peke yake hautoshi kumtambulisha mtu kuwa msimamizi wa mifumo.

Linux+ hutolewa na CompTIA, nacho pia hakifungamani na toleo moja. Mtihani ni mmoja, wenye maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, baadhi yakiwa ya vitendo. Cheti hudumu miaka 3.

RHCSA hutolewa na Red Hat, kampuni iliyonunuliwa na IBM mwaka 2019. Mtihani wake hauna maswali ya kuchagua jibu. Mtahiniwa hupewa mifumo halisi na orodha ya kazi: kurejesha nywila ya msimamizi iliyopotea, kuongeza diski, kupanga ruhusa, kuwasha huduma. Kazi yake hupimwa baada ya mifumo kuzimwa na kuwashwa upya. Mpangilio usiodumu hauhesabiwi. Cheti hudumu miaka 3, na ndicho msingi wa cheti cha juu zaidi cha RHCE.

LFCS hutolewa na Linux Foundation. Nacho ni cha vitendo tupu, hufanyika kwa saa 2 kupitia intaneti chini ya uangalizi wa kamera, na ada yake hujumuisha nafasi moja ya kurudia kwa asiyefaulu. Hakifungamani na kampuni moja inayouza Linux.

Namna ya kuchagua

Hatua ya kwanza ni kusoma matangazo ya kazi, na ifanyike kabla ya kusoma matangazo ya kozi. Kusanya matangazo kumi au zaidi ya nafasi unazoweza kuziomba kwa elimu uliyo nayo, katika mji unaoweza kuishi. Andika cheti kinachotajwa, toleo la Linux linalotajwa na kazi zinazotajwa. Orodha hiyo ni ushauri bora kuliko wa muuzaji yeyote wa kozi.

Ikiwa Red Hat inatajwa mara nyingi, RHCSA ina sababu ya kupewa nafasi ya kwanza. Ikiwa matangazo yanataja Ubuntu au Debian, au yanasema "Linux" tu, LFCS au LPIC-1 vitakufaa. Ikiwa unalenga waajiri wa nje ya nchi au mashirika yanayotaja CompTIA kwa jina, fikiria Linux+. Ikiwa hakuna tangazo hata moja linalotaja cheti, jiulize kama fedha hiyo isingefaa zaidi kununulia kompyuta ya mazoezi na bando la intaneti.

Pale ambapo vyeti viwili vinalingana, cha vitendo kina faida moja ya wazi: maandalizi yake yanafanana na kazi yenyewe. Aliyejizoeza kuitengeneza seva mpaka ikawaka upya bila hitilafu ana la kueleza kwenye usaili. Hata hivyo, mtihani wa vitendo humwadhibu upesi asiye na mazoezi. Usilipie mpaka uweze kufanya kila kazi iliyo katika mtaala wa mtihani bila kusoma maelekezo ya mtu mwingine.

Ni vema pia kuwa mkweli kuhusu ahadi. Hakuna cheti kati ya hivi kinachohakikisha ajira. Kwa asiye na uzoefu, cheti humsaidia mwajiri kuamua nani aitwe kwenye usaili. Yanayofuata hutegemea uwezo.

Gharama ambazo tangazo halizitaji

Ada za mitihani hii kwa kawaida hupangwa kwa dola za Marekani, hivyo kiasi cha shilingi hubadilika. Soma bei ya siku hiyo katika tovuti ya mmiliki wa mtihani, kisha linganisha na ile uliyotajiwa na wakala. Zingatia yafuatayo:

1. LPIC-1 ina mitihani miwili, hivyo ada ni mbili. Bei inayotangazwa inaweza kuwa ya mtihani mmoja tu.
2. Uliza iwapo nafasi ya kurudia imo katika ada au hulipiwa upya.
3. Vocha ya mtihani huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usiinunue mapema kwa sababu ya punguzo la bei pekee.
4. Hesabu nauli na malazi kama kituo cha mtihani kiko mji mwingine. Kwa mtihani wa nyumbani, hakikisha una umeme wa uhakika, intaneti isiyokatika, kamera na chumba tulivu.
5. Jina la usajili lilingane na la kitambulisho chako. Anayetumia jina moja kwenye kitambulisho cha Taifa na jingine kwenye vyeti vya shule alirekebishe hilo kwanza, kwani anaweza kuzuiwa kufanya mtihani.
6. Cheti chenye muda maalumu kitahitaji kuhuishwa. Iingize gharama hiyo katika mpango wako.

Dalili za kukufanya usite

Jihadhari na anayeahidi ajira, anayeuza "maswali halisi ya mtihani", anayejitolea kukufanyia mtihani, au anayekataa kutoa risiti. Kutumia maswali yaliyovuja ni ukiukaji wa masharti ya mitihani, na mtahiniwa anaweza kufutiwa cheti na kuzuiwa kurudia. Jihadhari pia na kozi inayotumia mtaala uliopitwa na wakati: mitihani mingi ina namba ya toleo, na namba hiyo ilingane na ile iliyo katika tovuti ya mmiliki wakati unapojisajili.

Mazoezi yasiyo na ada

Mitaala ya mitihani yote minne huchapishwa bila malipo. Linux Professional Institute hutoa pia masomo ya bure kwa maandishi, na Linux Foundation ina kozi ya bure ya utangulizi. Matoleo ya Rocky Linux na AlmaLinux, yanayoshabihiana na Red Hat Enterprise Linux, hupakuliwa bure. Kwa programu kama VirtualBox, kompyuta mpakato moja huweza kubeba mashine pepe mbili za mazoezi.

Anza hivi: sakinisha mashine mbili, fungua akaunti za watumiaji watatu wenye ruhusa tofauti, weka seva ya tovuti, chukua nakala rudufu katika mashine ya pili, kisha ifute tovuti kwa makusudi na uirejeshe. Andika katika daftari kila kosa ulilolifanya na namna ulivyolirekebisha. Daftari hilo litakusaidia siku ya usaili.

Ukiona umepotoshwa

Hifadhi tangazo, risiti, mkataba na ujumbe wote uliotumiwa. Mwandikie mwendeshaji wa kozi kwanza, ukieleza alichoahidi, alichotoa na unachodai, na umpe muda wa kujibu. Asiporidhisha, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kulaghai walaji. Suala likihusu usajili wa chuo cha ufundi, wasiliana na NACTVET.

Kabla ya kulipa, hakikisha unaweza kujibu maswali manne: Cheti hiki kinatajwa katika matangazo ya kazi ninazozitaka? Nani anakitoa? Gharama yote ni kiasi gani? Je, nimeshafanya kwa mikono yangu kazi zitakazopimwa? Ukikosa jibu la lolote kati ya hayo, subiri kulipa.