Waya wa Kompyuta Ukutani: Msikimbilie Patasi

Vikundi vingi siku hizi vina chumba cha kompyuta, na nyaya za mtandao zimefichwa ndani ya ukuta zisikanyagwe. Kompyuta moja ikikosa intaneti utasikia mtu akisema, "Waya umeoza ndani, leteni patasi!" Ngojeni kidogo. Simiti na fundi ni pesa za kikundi, na mara nyingi ugonjwa uko kwenye ncha.

Anzeni na ule waya mfupi unaotoka kwenye kompyuta hadi soketi ya ukutani. Huo ndio hugongwa na viti kila siku. Wekeni mwingine mnaojua ni mzima. Halafu jaribuni tundu jingine kwenye swichi ya mtandao. Taa ikikataa bado, fungueni soketi.

Ndani ya waya mna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili. Mpangilio unaotumika sana ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili zifuate mpangilio mmoja. Chomoeni waya kwenye mitambo, kisha wekeni testa, nusu huku na nusu kule. Taa huwaka 1 hadi 8. Ya 3 isipowaka, uzi wa 3 umekatika au haukushikwa vizuri. Ikiwaka 3 huku na 6 kule, rangi zimepishana. Kateni ncha, fungeni upya, pimeni tena.

Na je, intaneti ikiwapo lakini inakokota? Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia nyuzi 1, 2, 3 na 6 tu. Ule wa megabiti 1,000 hutaka zote nane. Kwa hivyo uzi wa bluu ukikatika, waya waweza kuonekana mzima, kumbe ni mgonjwa.

Ncha zikiwa sawa na testa bado inakataa, hapo tutashuku msumari au panya. Msiunge kwa kusokota na selotepu. Kama kuna paipu, fungeni waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, mvute polepole. Pasipo paipu, pitisheni mpya juu ya ukuta kwa klipu. Haupendezi sana, lakini utafanya kazi. Usizidi mita 100, wala usipite paipu moja na waya wa stima. Volti 240 zinaua: mkikuta nyaya za stima ndani ya kisanduku, zimeni meni swichi kabla ya kugusa chochote.