Kadi Inayosomwa kwa Vidole

Inasimuliwa kwamba mwaka 1784 mjini Paris, Valentin Haüy alimchukua kijana kipofu aliyekuwa akiomba msaada mlangoni mwa kanisa, François Lesueur, akaanza kumfundisha kusoma kwa herufi za mbao. Siku moja kijana huyo alikuwa akipangapanga karatasi za mwalimu wake, kidole kikapita nyuma ya kadi ya mwaliko wa mazishi. Mtambo wa chapa ulikuwa umeikandamiza kadi ile kwa nguvu hata herufi zikatokeza upande wa pili, na Lesueur akaitambua moja: O. Mwalimu akaiona njia. Mwaka uliofuata alifungua shule ya vipofu, na 1786 kikatoka kitabu chenye herufi zilizonyanyuliwa. Ndiyo shule aliyoingia Louis Braille mwaka 1819, akiwa na umri wa miaka 10, na humo ndimo alimobuni nukta zake.

Kumbe basi maandishi ya vipofu yana deni kwa kadi. Naileta habari hii kwa sababu wengi wanaojifunza kutengeneza kadi kwa mkono hushughulikia macho peke yake. Wanaongeza rangi, wanaongeza maua, wakimaliza wanamwaga glita. Kadi ikifika, mpokeaji anaitazama, anasema asante, anaiweka juu ya kabati la vyombo. Lakini mpe kadi ambayo jina lake limetuna kidogo juu ya karatasi, umwangalie. Kidole gumba kitakwenda pale chenyewe kabla hajamaliza kusoma.

Zamani mtuno huo ulikuwa wa wenye nacho. Kupata maandishi yaliyonyanyuka kulitaka bamba la shaba au chuma, fundi wa kulichonga kinyumenyume kwa mkono, na shinikizo la kuisukuma karatasi mpaka iingie kwenye michoro. Mawakili, mabalozi na matajiri ndio waliokuwa na kadi za namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachapaji walieneza njia ya mkato: wino ukiwa bado mbichi, nyunyizia unga laini wa utomvu, kung'uta uliozidi, pitisha karatasi kwenye joto. Unga unayeyuka, unashikana na wino, unapoa ukiwa umenyanyuka. Bamba halikuhitajika tena. Mjuzi angeigeuza kadi na kuikuta nyuma ni laini, bila alama ya kukandamizwa, akajua ni ya kuiga. Basi uigaji huo ndio leo sanaa yenyewe, inafanyika juu ya meza ya chakula, na wala hauna haja ya kumwonea aibu mtu yeyote.

Tena kadi tangu mwanzo haikuwahi kuachana na mkono. Ile inayohesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani, ya London mwaka 1843, ilitokana na Henry Cole kuzidiwa na barua za kujibu. Alimwagiza mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee mchoro, ukachapwa kwa rangi moja, kisha kila nakala ikapakwa rangi kwa mkono. Bei ilikuwa shilingi moja, fedha ambayo kibarua hakuwa nayo ya kuchezea. Wapinga pombe walikasirika maana mchoro ulionyesha familia ikinywa divai, na mtoto mdogo naye ananyweshwa. Miaka michache baadaye, huko Worcester, Massachusetts, Esther Howland aliyekuwa ametoka tu chuoni alipokea kadi ya Valentine kutoka Uingereza, yenye karatasi iliyotobolewa na kunyanyuliwa mfano wa lesi. Akaagiza karatasi kama hizo, akaketi na wasichana wenzake nyumbani kwao: huyu anakata, yule anabandika, mwingine anakagua. Inasemekana kaka yake alikwenda kutafuta wateja wakitarajia oda za dola 200 hivi, akarudi na za dola 5,000. Chumba cha nyumbani kiligeuka kiwanda, na waliokijaza walikuwa wanawake.

Sasa tuketi mezani.

Kinachohitajika ni muhuri, wino, unga na joto. Kwa muhuri usihangaike. Raba ya kufutia penseli inachongeka kwa wembe, soli ya ndala vilevile, na fundi wa mihuri aliye jirani na ofisi ya serikali ya mtaa anaweza kukuchongea jani la mwarobaini kwa urahisi uleule anaokuchongea jina la kampuni. Kumbuka tu kwamba unachochonga kitatoka kimegeuka. Neno "Hongera" lichongwe likisomeka kwenye kioo.

Wino ndio unaowaangusha wengi. Ule wa kawaida wa mihuri ya ofisini ni wa maji na hunywewa na karatasi upesi. Ukifika kunyunyiza unga, umekwisha kauka, unga hauna pa kushika. Unaotakiwa ni wino mzito wa chembe za rangi, ambao mara nyingi huwa na gliserini na hukaa mbichi kwa dakika kadhaa. Upo pia usio na rangi kabisa, kazi yake ni kunata tu; huo unatosha kwa anayeanza, kwa sababu rangi itatoka kwenye unga. Gonga muhuri juu ya pedi kwa wepesi mara nyingi, usiukandamize mara moja, kisha ubonyeze kwenye karatasi bila kuutikisa. Unga umwagwe kwa wingi, tena bila huruma, maana wote uliobaki unarudishwa kwenye kopo. Kunja karatasi nyingine iwe mfereji, kung'utia humo, rudisha.

Huku kwetu pwani kuna adui asiyetajwa katika maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa nchi za baridi: unyevu. Karatasi ya manila iliyokaa wiki nzima Tanga au Unguja imekwisha nyonya hewa ya bahari, na mikono inatoka jasho. Unga utanata popote ulipogusa, na ukiupitishia joto kadi nzima itaonekana ina upele wa dhahabu. Dawa yake ni poda ya mtoto. Funga kiasi kidogo kwenye kitambaa chembamba, papasa karatasi nzima kabla ya kupiga muhuri, futa kwa brashi kavu. Poda hiyohiyo huwasaidia walioko Iringa au Nairobi miezi ya ukavu, ambako chembe hurukia karatasi kwa umemetuli.

Kisha joto. Mashine ya kukaushia nywele haifai: ina upepo mwingi na joto dogo, unga unapeperuka kabla haujayeyuka. Mafundi hutumia hita ndogo ya mkononi yenye upepo hafifu na moto mkali. Asiye nayo ageuze pasi ya umeme uso uelekee juu, aishike kadi kwa kibanio juu yake kwa karibu bila kugusa, maandishi yakitazama juu. Jiko la mkaa nalo linaweza, ila majivu hupanda na karatasi hushika moto kuliko unavyodhani, mimi nisingelishauri. Anza kupasha kwa chini, unga ushikwe na joto kabla ya kupigwa na upepo. Kisha tazama, usipepese macho. Chembe zilizokuwa kavu kama mchanga zitaanza kung'aa upande mmoja, na mng'ao utatembea juu ya mchoro kama maji yanavyopita kwenye mfereji wa bustani. Ulipopita, hamisha moto mara moja. Ukikaa zaidi, unga uliokwisha yeyuka hupotelea ndani ya karatasi, na badala ya mtuno unabaki na doa la mafuta.

Hapo ndipo rangi inapoingia, na kwa maoni yangu ndipo kazi inaponoga. Piga mchoro kwa wino usio na rangi juu ya karatasi nyeupe, tumia unga angavu, yeyusha. Hutaona kitu zaidi ya mng'ao. Sasa chukua sponji na wino wa maji, pakaza kuanzia kingoni ukizungusha mkono. Karatasi itakunywa rangi, palipotuna patakataa. Futa kwa kitambaa, na mchoro mweupe utajitokeza katikati ya rangi. Anayejua batiki hahitaji somo hili lirudiwe: nta hukinga kitambaa kwa kanuni ileile, tofauti ni kwamba hapa kinga haichemshwi ikatolewa, inabaki kuwa pambo.

Anza na rangi hafifu kwenda nzito: njano, kisha machungwa, kisha waridi iliyokolea. Usiivushe njano moja kwa moja kwenda zambarau, zikikutana zinazaa tope. Na kabla hujaweka rangi ya nne, jiulize nani ameiomba. Wachoraji wa Tingatinga walilimaliza suala hili zamani. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya vipande vya ubao mwembamba, na kazi zake nyingi ni mnyama au ndege mmoja aliyesimama mbele ya rangi iliyotulia. Kadi ndogo inavumilia mpango huo vizuri: nyuma mawio ya sponji, mbele umbo moja jeusi lililotuna, basi.

Kuna mtuno mwingine usiotaka moto wala unga. Kata umbo kwenye plastiki ngumu, jalada la faili linatosha, libandike kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kadi juu yake uso ukitazama kioo, kisha pitisha ncha butu kwenye kingo za kivuli unachokiona. Bolpeni iliyokwisha wino ni chombo bora kuliko vingi vinavyouzwa. Sugua kwanza karatasi kwa kipande cha mshumaa ili ncha iteleze isichane. Nyuzi za karatasi zinanyooka polepole na umbo linatokea upande wa mbele, bila rangi, linaonekana kwa kivuli chake tu. Kadi ya rambirambi ikitengenezwa hivi, nyeupe juu ya nyeupe, ina adabu ambayo maua ya kuchapwa hayawezi kuifikia.

Karatasi yenyewe ichaguliwe kulingana na mtuno. Iringa kipo kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 kuwapa watu wenye ulemavu ujuzi na kipato. Kilianza na vijana watatu viziwi, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni karatasi za mkono, zikiwemo zinazotokana na kinyesi cha tembo. Msomaji asikunje uso. Tembo hula majani na magome kwa wingi lakini tumbo lake halisagi hata nusu. Nyuzi zinatoka karibu nzima. Zikichemshwa, zikaoshwa na kupondwa, rojo huchotwa kwa chekeche na kukaushwa, na haibaki harufu. Karatasi ya aina hiyo ni nene, ina mabonde na nyuzi zinazoonekana. Kwa mtuno wa kubonyeza ni neema kwelikweli, maana nyuzi ndefu zinavutika bila kupasuka. Kwa unga ni mateso: chembe hujificha kwenye mabonde, na muhuri wa mistari myembamba hutoka na mapengo. Anayetaka vyote viwili apige muhuri kwenye kipande laini cha manila, akipunguze, akibandike juu ya ile ya mkono.

Je, nani ananunua? Kenya, msimu wa mitihani ya taifa umekuwa soko la kadi za kuwatakia watahiniwa heri, nyingine zikifunguliwa zinaimba. Tanzania kadi kubwa ni ya harusi, nayo si salamu pekee, ni hati: inamwambia mlinzi wa ukumbini kama umealikwa wewe peke yako au na mwenzako. Siku hizi mara nyingi inafika kwa simu, ikiwa picha yenye msimbo wa kuskani. Wapo wanaolalamika, mimi simo. Kamati ya harusi yenye wageni 300 haina sababu ya kumkeshesha fundi na unga wa dhahabu kwa kadi zitakazochanwa mlangoni. Anayeipokea oda hiyo kwa mkono atachoka kufikia kadi ya hamsini, na kadi ya hamsini itaonyesha.

Kazi hii inafaa kwa idadi ndogo. Bibi anayetimiza miaka 80. Mwalimu anayestaafu. Binti aliyefaulu, ambaye babake anatamani kumwambia jambo na hajui aanzie wapi. Mteja wa namna hiyo haulizi bei ya kadi 100, anauliza kama unaweza kuweka jina, kwa hiyo fundi awe na seti ya herufi za muhuri kabla hajawa na maua ya aina nyingi. Na glita aiache dukani. Humwagika ndani ya bahasha, huingia kwenye sofa, na kumfanya mpokeaji aikumbuke kadi kwa kufagia.

Iliyobaki ni safari. Kadi iliyotuna ikikaa ndani ya gari juani, unga unaweza kulainika tena na kushikana na kilicho juu yake, kwa hiyo weka karatasi laini ya kuokea katikati, usitumie mfuko wa nailoni. Kwa posta au kwa basi la mkoani, ongeza kipande cha boksi nyuma yake isikunjwe. Na anwani iandikwe bahasha ikiwa tupu. Kalamu ikipita juu ya kadi iliyomo ndani, inaacha mtuno wa kwake ambao haukuagizwa.