Arubaini ya Sigor

Sigor niisemayo ni ya Bomet, si ile ya Pokot. Iko pembezoni mwa nchi ya chai, chai hii tuijuayo sisi wa Mombasa kwa sababu mnada wake uko kwetu tangu mwaka 1969. Huko nilihudhuria arubaini iliyozua maneno.

Marehemu alikuwa mke wa mzee wa kwetu, mwenye duka, aliyehamia bara zamani. Maradhi yake yalikuwa ya moyo. Watoto walitaka karamu: ng'ombe, magunia ya mchele, wageni kutoka Kericho. Mzee akakataa. Hitima isomwe, itoke kahawa na halua, na fedha zilizosalia zipelekwe hospitali ya Tenwek, wanakopasua moyo.

"Baba, watu watasema mama tumemfanyia ubahili," akasema mwanawe mkubwa.

"Mamako hakufa kwa njaa," mzee akamjibu.

Wengine walinung'unika kuwa Tenwek iliasisiwa na wamishonari, mwaka 1937. Mwalimu wa msikiti akawanyamazisha: sadaka humfikia mwenye shida, awe wa dini yoyote. Naye alisema kweli.

Maradhi yenyewe, wasomaji wapenzi, huanza kama mchezo. Mtoto anaumwa koo, mafindofindo, anaachwa apone mwenyewe. Koo hupoa, lakini wengine hufuatwa na homa ya baridi yabisi: viungo huvimba, na vali za moyo huharibika polepole. Miaka ikipita, binti anayechota maji hawezi tena kupanda kilima. Na nyumba yenye watu wengi chumba kimoja ndiyo huambukizana zaidi. Pwani nako tunazo nyumba hizo.

Mimi nilidhani fedha zote zingekwenda kwenye upasuaji. Mzee alikuwa ameuliza zaidi. Aliyeharibika kidogo huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili asifike kwenye kisu. Aliyewekewa vali ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Nauli tu humshinda mkulima.

Kwa hiyo fedha za karamu zilimchangia mgonjwa mmoja, kisha mzee akatenga chumba kimoja cha duka kiwe wakfu kwa jina la marehemu. Chumba hakiuzwi, kodi yake ni ya sindano na nauli. Mwanawe mkubwa, aliyenuna hata siku ya hitima, ndiye anayeikusanya.