Asali ya Mbeere: Njiti ya Kiberiti au Maabara?

Ukinunua asali sokoni Ishiara au Gakoromone, huenda muuzaji akachovya njiti ya kiberiti ndani yake na kuiwasha. Ikiwaka, unaambiwa asali ni safi. Kipimo hicho kinagharimu njiti moja, na sioni kama kinastahili zaidi. Njiti inajua maji tu. Sharubati nzito ya sukari nayo itaiacha iwake.

Refraktomita, kifaa kidogo cha mkononi, hutoa kiasi cha maji kwa tarakimu. Codex, kanuni za kimataifa za chakula, inaruhusu asilimia 20 kwa asali nyingi, hivyo chama kinachokusanya asali ya wanachama kisikose kifaa hicho, maana asali yenye maji mengi huchachuka ghalani. Kuhusu sukari iliyochanganywa, hakitakuambia kitu.

Sukari hunaswa na isotopu. Takriban asilimia 1.1 ya kaboni ni ile nzito, kaboni 13. Migunga huikwepa zaidi kuliko miwa inavyoikwepa: asali ya miti husoma karibu -25 kwa elfu, sukari ya miwa karibu -11. Maabara huunguza asali iwe kaboni dayoksaidi, kisha spektromita ya masi huhesabu ioni za uzito wa 44, 45 na 46. Hapo pana mtego. Ioni ya 45 yaweza kubeba kaboni 13, au kaboni ya kawaida pamoja na oksijeni 17, na mizani haizitofautishi; hesabu ya 46 ndiyo hutumika kusahihisha. Mwisho asali hulinganishwa na protini yake yenyewe. Pengo la 1 kwa elfu huashiria takriban asilimia 7 ya sukari ya miwa au mahindi. Sharubati ya mchele hupenya, lakini mchakachuaji wa huku hununua sukari ya dukani, nayo ni ya miwa.

Ada ya maabara ni kwa sampuli, iwe imetoka kwenye chupa au pipa. Kwa chupa ya nyumbani ni hasara tupu. Kwa chama kinachotafuta soko la nje, ni gharama ndogo kuliko shehena kurudishwa.

Mnunuzi wa kawaida atazame alama ya KEBS na kuhakiki namba ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Alama haimaanishi kila chupa imepimwa, ila yupo wa kuulizwa. Na asali iliyoganda usiikatae: kuganda si dalili ya uchakachuaji.