Ndege Isiyo na Rubani Hujiongozaje?

Kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe ni kilomita 60 hivi kwa njia ya anga. Kwa njia ya nchi kavu dawa zilisafirishwa kilomita 240 kwa muda wa saa sita. Mwaka 2018, katika majaribio ya miezi sita, ndege isiyo na rubani ya kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani ilizifikisha kwa wastani wa dakika 40.

Kanuni yake ni ile ile ambayo kwayo helikopta ndogo ya kuchezea, ikifungwa kompyuta ya mkononi, huweza kuruka bila kuongozwa na mtu. Helikopta haitulii angani yenyewe. Ikiinama kidogo, huzidi kuinama. Kwa hiyo vipimio hupima mwinamo wake mara nyingi katika kila sekunde. Kompyuta hulinganisha vipimo hivyo na hali itakiwayo, kisha huamuru mota zisahihishe tofauti. Mahali ilipo hujulikana kwa mawimbi ya redio yatokayo kwenye setilaiti.

Mahesabu hayo si magumu, ila hayana budi kufanywa upesi. Sahihisho likichelewa, hufika wakati chombo kimekwisha kugeukia upande wa pili, nalo huweza kukiangusha.

Ndege ya Ukerewe ilibeba mzigo usiozidi kilo 4. Kiasi hicho hakiwezi kujaza bohari ya dawa, lakini chatosha kwa chanjo au damu inayohitajiwa siku ile ile.