Mbunge Wako Anajua Kusoma Hesabu?

Wengi wetu hapa Pwani tukisikia Kesses, kule Uasin Gishu, tunakumbuka Chuo Kikuu cha Moi tu. Mimi natazama pia wabunge wake. Mwaka 2017 wakazi walimchagua daktari, Swarup Mishra, mzaliwa wa India. Mwaka 2022 kiti kikaenda kwa mhasibu, Julius Rutto wa UDA.

Taaluma ya mbunge yatuhusu nini? Kifungu cha 95 cha Katiba kinalipa Bunge la Taifa kazi ya kutunga sheria, kugawa fedha na kusimamia matumizi yake. Ya kwanza yataka jicho la wakili, mbili zilizobaki jicho la mhasibu. Katika sheria ya kodi, mkate ukihamishwa kutoka jedwali moja hadi jingine tu, bei yapanda dukani.

Lakini cheti bila uthubutu hakimfai mwananchi. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha, 106 wakaupinga. Vijana waliuawa barabarani, na Rais akakataa kuutia saini.

Basi 2027 mgombea akija Likoni au Malindi, tumpe hesabu za NG-CDF mkononi. Atusomee, kisha ndipo aombe kura.