Kikosi Nambari 6000: Watoto wa Malazi ya Dharura Wapata Shughuli za Jioni Bila Kulipa

Wasomaji wetu wengi huufikiria mji wa New York, huko Marekani, kuwa ni mahali pa majumba marefu na utajiri tu. Basi huenda wakashangaa kusikia ya kuwa katika mwaka wa masomo wa 2023-2024, wanafunzi zaidi ya 146,000 wa shule za mji huo walihesabiwa kuwa walikosa makao ya kudumu kwa muda fulani wa mwaka. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakibanana katika nyumba za ndugu au marafiki. Lakini waliobaki, karibu wote, walilala katika malazi ya dharura, yaani majengo ambayo mji huyagharimia ili watu waliopoteza nyumba zao wapate mahali pa kujilaza. Makala haya yaeleza jinsi baadhi ya watoto hao wapatavyo jambo jema la kufanya baada ya saa za shule, bila wazazi wao kutoa hata senti moja, na kwa nini jambo hilo limewashughulisha watu wengi.

Kwanza yafaa tueleze malazi yenyewe. Tangu mwaka 1981 mji wa New York umefungwa na mapatano ya mahakama kuwapa mahali pa kulala wanaume wasio na makao, na baadaye haki hiyo ilienezwa kwa wanawake na kwa wazazi wenye watoto. Kwa kuwa majengo yaliyowekwa kwa kazi hiyo hayakutosha, mji ulikodi hata hoteli. Mama na watoto wake hupewa chumba, na pengine ni chumba kimoja kwa watu watano au sita. Neno "dharura" lisimdanganye msomaji akadhani ni mambo ya siku mbili tatu. Katika mwaka 2017 wastani wa muda ambao wazazi wenye watoto walikaa humo ulizidi mwaka mzima. Kwa mtoto wa miaka minane, hiyo ni sehemu kubwa ya maisha ayakumbukayo.

Amri za malazi ni nyingi, nazo nyingi zina maana yake. Mzazi hana ruhusa ya kumwacha mtoto mdogo peke yake chumbani. Mara nyingi wageni hawaruhusiwi kupanda juu, na kwa hiyo mtoto hawezi kumwalika mwenzake wa shule waje kucheza. Kukimbia katika ujia hakupendezi wasimamizi. Mtoto arudipo kutoka shule hana uwanja wala kibaraza. Ana kitanda, na juu ya kitanda hicho ndipo afanyapo hesabu zake.

Mtu atauliza, kwa nini asibaki shuleni pamoja na wenzake wachezao mpira na kuimba baada ya masomo? Hapa ndipo lilipo shauri gumu. Sheria ya Marekani iliyotungwa mwaka 1987, na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, humpa mtoto aliyepoteza makao haki ya kuendelea katika shule yake ya zamani, hata kama amehamishiwa upande mwingine wa mji, na tena apelekwe kwa gari. Katika mwaka 2015 iliongezwa ya kwamba asizuiliwe hata katika shughuli zilizo nje ya masomo. Ni sheria njema. Lakini basi la shule halingoji mpira uishe; huondoka mara masomo yakomapo. Mtoto akibaki uwanjani, basi limekwenda, na safari ya kurudi ni mwendo wa saa nzima au zaidi katika mji wa watu milioni nane. Mama hawezi kumfuata, kwa maana yuko kazini au ana mtoto mchanga. Basi haki imo kitabuni, na mpira hauchezwi.

Mtu aliyeifahamu shida hii kwa kuiona mwenyewe ni Bibi Giselle Burgess. Alikuwa mama wa watoto watano, naye alifanya kazi katika ofisi ya skauti wa kike wa New York. Yaani hakuwa mtu asiye na kazi. Nyumba ndiyo iliyomponyoka. Baada ya kuipoteza nyumba aliyopanga katika upande wa Queens, aliwekwa pamoja na watoto wake katika hoteli moja iliyokodiwa na mji. Mwezi wa Februari 2017 alianza kuwakusanya wasichana humo humo hotelini. Wa kwanza walikuwa kama wanane hivi, na baadhi yao walikuwa binti zake mwenyewe. Kikosi hicho kilipewa nambari 6000. Katika mwaka huo huo wakuu wa mji waliahidi zaidi ya dola milioni moja ili mpango uenezwe katika malazi mengine.

Wasomaji wa Kenya wawajua wasichana wa namna hii kwa jina la Girl Guides. Huko Marekani chama chao kilianzishwa mwaka 1912 na Bibi Juliette Gordon Low, aliyekuwa rafiki wa Baden-Powell, yule yule ambaye kaburi lake liko Nyeri.

Sasa tuangalie jinsi mpango wenyewe ufanyavyo kazi, maana ndipo penye mafunzo. Mkutano hauwangoji watoto mahali pa mbali. Huwafuata pale walalapo. Mama hahitaji nauli wala kuomba ruhusa kazini. Mtoto hushuka ngazi tu. Tena hauna malipo, na neno hilo latimizwa kweli. Ada ya chama, sare, beji, vitabu na safari, vyote hulipiwa. Hili si jambo dogo. Iko michezo mingi iitwayo ya bure ambayo siku ya pili mtoto huambiwa alete fedha za viatu au za fulana. Mtoto wa malazi akisikia hivyo hamwambii mama yake. Husema tu ya kwamba mchezo ule haumpendezi, nasi tukamwamini.

Jambo lingine ni kwamba mkutano hufanywa kila juma kwa siku ijulikanayo, na msichana akipata nyumba hapotezi uanachama wake, husaidiwa aendelee. Kwa mtoto aliyebadilishiwa kitanda, njia ya shule na majirani, kuijua siku moja isiyobadilika kuna thamani kubwa. Kadhalika, akina mama wenyewe wakaao katika malazi hufundishwa kuwa viongozi. Sisi twaona kwamba hili ndilo bora kuliko yote, maana kiongozi ajuaye maisha ya chumba kimoja hana haja ya kuelezwa kwa nini mtoto amekuja akisinzia.

Wasichana hao hujifunza huduma ya kwanza, sayansi, kupiga kambi, na biashara ya biskuti, ambayo ni desturi ya skauti wa kike wa Marekani kila mwaka. Katika mwaka 2018 walipouza mbele ya watu mara ya kwanza, walikuwa wametia nia ya kuuza paketi 6,000. Wakauza zaidi ya 30,000. Katika mwaka 2023, wakati wageni wengi kutoka nchi za Amerika ya Kusini na za jirani walipowekwa katika hoteli za mji, tawi jipya lilifunguliwa kwa ajili yao, na Kihispania kikatumiwa pamoja na Kiingereza.

Katika Los Angeles iko njia nyingine. Bibi Agnes Stevens, mwalimu aliyestaafu, alianzisha mwaka 1993 chama kiitwacho School on Wheels. Hapo si michezo bali ni masomo: mtu ajitoleaye humfundisha mtoto mmoja peke yake, kama saa moja kila juma, katika malazi, maktaba au bustani. Mtoto akihama, chama hujitahidi kumfuata.

Wako wasemao ya kuwa fedha hizi zingejenga nyumba. Ni kweli kwamba hakuna beji iwezayo kuezeka paa, na mji usiojenga nyumba za kodi nafuu utazidi kupata watoto wa kukusanya. Lakini nyumba hujengwa kwa miaka, na mtoto hakui kwa kungoja. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wakaao katika malazi ya New York hukosa angalau siku moja katika kila siku kumi za masomo. Saa za jioni pamoja na mtu mzima amjuaye mtoto kwa jina haziwezi kupuuzwa.

Upungufu mmoja ni dhahiri: kikosi hiki ni cha wasichana. Ndugu zao wa kiume hubaki chumbani, isipokuwa pale ambapo vyama vingine vimefika. Mzazi aliye katika malazi ya mji huo aweza kumwuliza msimamizi wa jengo lake kama kuna mkutano hapo, na wa siku gani. Kuandikishwa hakuna malipo.